Jaribio la Rababendi Mbili

Immaculate hakuwa amelala chali tangu Jumapili. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viwiko vimeegemea kitanda, mdomo wazi, na kila alipovuta pumzi ngozi ya chini ya koo ilibonyea ndani kana kwamba kuna kidole kinaisukuma. Nyuma yake, Makokha alimpepea kwa kipande cha katoni ya sabuni. Hakujua kama kupepea kunasaidia. Alipepea kwa kuwa mikono yake ilikataa kukaa bure.

"Baba," binti alisema, akakata maneno, akatafuta hewa. "Wacha. Nasikia... baridi."

Akaacha.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano, katikati ya mwezi wa saba mwaka 2005. Nje, wapangaji wa ploti walikuwa wamekwisha kupanga mitungi yao mstari mmoja, wakingoja lori la maji. Falis, jirani wa mlango wa pili mwenye duka la nguo karibu na steji, akaingia bila kubisha, chupa ya chai ya tangawizi mkononi.

"Baba Immaculate, huyu msichana bado yuko hapa? Jana si mlienda hospitali?"

"Walimpa hewa ya mtungi masaa mawili. Wakasema alazwe, lakini kitanda kinataka fomu."

"Fomu gani tena?"

"Ya kuumia kazini. Kiwanda kikipiga muhuri, wanamlaza hapo hapo. Bila muhuri ni dipoziti kwanza."

"Na muhuri uko na nani?"

"Mburu."

Falis aliweka chupa chini. Akautazama mgongo wa Immaculate ukipanda na kushuka ndani ya kanga. "Nenda," akasema. "Mimi nitakaa na yeye. Duka binti yangu Nasteho atafungua."

Makokha alivaa koti lake la Jumapili. Kutoka chini ya godoro akatoa bahasha ya kaki, akaichungulia kuhakikisha kilichomo kimo, akaitia katika mfuko wa ndani.

Kiwandani walimwita Mwalimu, ingawa hakuwa amefundisha shule yoyote. Alikuwa amefika Kitengela mwaka 1989 kuchonga mawe katika machimbo, mtu wa miaka thelathini na saba asiyeweza kusoma jina lake mwenyewe. Kwa miaka tisa alikwenda gumbaru, masomo ya watu wazima, kila jioni katika ukumbi wa kanisa, vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi, mpaka akafanya mtihani wa darasa la nane katika chumba kimoja na watoto waliomwita guka, yaani babu. Baada ya hapo akajisomea vitabu vya sekondari vya mitumba. Basi mwaka 2003, kiwanda cha vitambaa kando ya barabara ya Namanga kilipotafuta mtu wa kuendesha mashine mpya, awe anaweza kusoma kitabu chake cha Kiingereza, Makokha alishinda vijana wenye vyeti. Kitabu hicho alikisoma mara mbili, isipokuwa kurasa za nyuma zenye maandishi madogo.

Mashine ilikuwa na safu mbili za vyuma zilizokaribiana. Kitambaa cha poliesta kilipita katikati, na hapo umeme mkali uliigeuza hewa yenyewe kuwa mwanga wa zambarau. Huo mwanga ndio uliitwa plazma. Haukuunguza kitambaa. Ulizikwaruza nyuzi zake kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa jicho, na kitambaa kilichokuwa kikikataa maji na rangi kikawa kinavinywa. Wenye kiwanda waliileta Kitengela kwa sababu maji hakuna: kazi iliyotaka matangi ya maji na madumu ya dawa sasa ilifanywa kwa hewa na stima.

Na ilinukia. Ilinukia kama kule Bungoma dakika moja baada ya radi kupiga, kabla matone hayajaanguka. Wanawake wa ukumbi wa kushona waliacha chai yao wakaja kusimama mlangoni, wakavuta pumzi ndefu, wakacheka.

"Mwalimu, umetuletea mvua ndani ya nyumba?"

"Hiyo si mvua. Ni ozoni." Na aliwaeleza, kidole juu, jinsi dunia ilivyofunikwa na ozoni kama mwavuli, na jinsi mataifa makubwa yalivyokutana kuililia isiishe. Picha yake ilikuwa katika kitabu cha sayansi. Lennox Mburu, meneja wa wafanyakazi, alikuwa akipita, akasimama kusikiliza.

"Mmesikia Mwalimu?" akasema. "Ulaya wanalia ozoni inaisha. Nyinyi mnapewa bure na mnalipwa juu yake!"

Watu wakacheka. Makokha alicheka kuwashinda wote, maana meneja amelithibitisha somo lake.

Wiki hiyo hiyo aliandika barua. Immaculate, mwanawe wa mwisho, alikuwa katika ukumbi wa kushona ambako manyoya ya nyuzi yaliruka kama inzi, naye alikuwa na pumu tangu utotoni. Makokha aliandika rasimu tatu. Katika ile ya mwisho aliomba, kwa heshima na taadhima, binti yake ahamishiwe meza ya kupima vitambaa katika chumba cha plazma, "kwa kuwa hewa ya ozoni itokayo kwenye mashine ni safi na ina manufaa kwa kifua chake." Mburu akaandika juu yake: Imekubaliwa.

Kazi ya Immaculate ikawa kudondosha tone la maji juu ya kitambaa na kubonyeza saa. Kabla ya mashine, tone lilisimama kama shanga. Baada ya mashine lilipotea kabla hujahesabu mbili. Meza yake ilikuwa hatua nne kutoka kwenye mwanga.

Mwaka mmoja na zaidi hakuna lililoharibika. Juu ya mashine kulikuwa na feni kubwa iliyonyonya hewa yote na kuitoa juu ya paa. Lakini feni ikinyonya, hewa nyingine lazima iingie, na iliingia chini ya milango ikiwa na vumbi jeupe la machimbo. Kitambaa kikawa na mistari ya kijivu. Mnunuzi akarudisha kontena zima. Mwezi wa nne mwaka 2005, Mburu akaja na fundi wa umeme, feni ikazimwa, milango ikazibwa kwa karatasi ya gundi pande zote.

"Tutapumua nini, meneja?" Makokha aliuliza.

"Ozoni, Mwalimu. Si ni safi?"

Mwezi wa tano macho yalianza kuwasha. Kisha lastiki ya sketi ya Immaculate ikakatika mbele ya watu, nao wakamcheka. Kisha ndara zake, alizozinunua Pasaka na ambazo aliziacha chini ya meza, zikapasuka mistari mistari. Makokha alitazama mipira mingine ya chumbani. Wa mlango. Wa bomba. Yote ilikuwa imepasuka. Ndipo alipofungua zile kurasa za nyuma, akalikuta neno la Kiingereza, toxic, sumu, kando ya jina la ozoni. Aliijua maana yake. Hata hivyo alilitafuta katika kamusi.

Mburu, alipoelezwa, alisikiliza akiwa amesimama. "Kitabu kimeandikwa na watu wa kwao kwa vifua vya kwao. Leta ushahidi, Mwalimu. Wewe ni mtu wa sayansi."

Akafanya kama alivyojifunza. Alichukua rababendi mbili, ile mipira myembamba ya kufungia karatasi, kutoka pakiti moja. Akazivuta juu ya mikebe miwili iliyolingana. Mkebe mmoja akauweka nyuma ya meza ya Immaculate, wa pili akauweka nyumbani juu ya kabati. Badili kitu kimoja tu, kitabu cha sayansi kilisema, na usiwe na haraka. Tarehe ishirini mwezi wa sita, akaandika, siku ya kwanza. Siku za jaribio: ishirini na moja.

Rababendi ya chumbani ilikatika siku ya nane. Makokha aliandika tarehe, akaitia kwenye bahasha, akafunga nyingine, kwa kuwa kitabu kilisema jaribio lirudiwe.

"Baba," Immaculate alimwambia jioni hiyo, wakitembea kurudi nyumbani. Alikuwa amesimama mara mbili kupumzika, mahali ambapo hakuna mlima. "Kifua kinabana. Wacha nirudi kushona."

"Ukitoka sasa, nani atalinda mkebe? Yule wa kufagia atautupa. Vumilia kidogo."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

Immaculate akaendelea kutembea. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili aliyezoea kwamba baba yake anajua.

Rababendi ya pili ilikatika siku ya kumi na tano. Siku ya kumi na tisa Immaculate akaanguka juu ya meza, saa ya kupimia mkononi, ikiendelea kuhesabu.

* * *

Mburu alimkaribisha kiti. Alikuwa na kikombe cha kahawa na faili moja tu mezani.

"Pole sana, Mwalimu. Nimesikia. Sisi hapa ni familia."

"Asante. Nimekuja kwa muhuri." Makokha alisukuma fomu mbele. "Hospitali inangoja."

Mburu hakuishika. "Hii ni ya ajali. Kuna kitu kilimwangukia?"

"Hewa ya chumba kile, meneja. Nilikueleza. Na ushahidi ninao." Akafungua bahasha, akazipanga mezani: vipande vya rababendi mbili zilizokatika, na ile ya nyumbani, nzima, ikivutika. Kando yake karatasi ya tarehe, kwa mwandiko ulionyooka. "Pakiti moja. Tofauti ni hewa tu."

Mburu alizitazama. Akaichukua ile nzima, akaivuta kwa vidole viwili, akaiachia. Ikaruka ikaanguka sakafuni.

"Ulianza lini hii kitu?"

"Tarehe ishirini."

"Na binti yako alikuwa wapi siku hizo zote?"

Makokha aliinyoosha karatasi ya tarehe.

"Alikuwa pale," Mburu akasema polepole. "Wewe ulijua ni mbaya. Umeandika hata tarehe. Ukamwacha."

"Wewe ndiye ulizima feni."

"Mimi ni mtu wa uajiri, mzee wangu. Mambo ya ozoni niliyasikia kwako, saa ya chai, watu arobaini wakisikiliza." Akafungua faili. Barua ilikuwa juu kabisa, safi, haijakunjwa hata pembe. "Na huu ni mwandiko wa nani? 'Ina manufaa kwa kifua chake.' Mimi nilimkubalia mzazi. Sasa mzazi anataka nipige muhuri kwamba kampuni imeua mtoto?"

"Hajafa."

"Nimesema vibaya. Samahani." Akatoa karatasi nyingine. "Kampuni si mnyama. Tia sahihi hapa, gari linatoka sasa hivi kumchukua."

Makokha aliisoma yote, mistari kumi na moja ya Kiingereza, midomo ikitikisika kidogo. Ilisema kwamba Immaculate Nekesa Makokha ameacha kazi kwa hiari yake, kwamba ugonjwa wake alikuja nao, na kwamba hatakuwa na dai lolote. Tarehe ya kuacha kazi ilikuwa imeachwa wazi. Mwisho, kampuni, kwa huruma, itampa usafiri hadi hospitali. Usafiri. Hadi hospitali. Aliyatafuta maneno ya kulazwa akayakosa.

"Mtamfikisha langoni tu," akasema. "Bila fomu watamrudisha, kama jana."

"Mwalimu, wewe unasoma sana."

"Nitaenda kwa afisa wa kazi."

"Kajiado?" Mburu aliinua kikombe. "Ni mbali. Na ugonjwa hauna subira."

Makokha aliinama akaokota rababendi sakafuni, akairudisha kwenye bahasha.

Alipitia kwa Keynan, tabibu wa kliniki ya karibu na soko, aliyemwona Immaculate siku alipoanguka. Keynan alitoka nje kuzungumza naye, kwa sauti ya chini.

"Naweza kuandika ana pumu kali. Hewa ya kiwanda siwezi kuandika. Sijaipima, mzee."

"Inapimwa na nini?"

"Kuna chombo chake."

"Kiko wapi?"

Keynan alikuna kidevu. "Nadhani kwenu. Kiwandani."

* * *

Alifika Kajiado saa tano kasorobo. Ofisi ya kazi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la serikali. Nje kulikuwa na gari la idara lililowekwa juu ya mawe, halina magurudumu. Afisa, kijana mpole aitwaye Parmuat, alisimama kumwamkia kwa Kimaasai.

"Supa, mzee."

"Ipa. Naitwa Ezekiel Makokha, kutoka Kitengela."

"Najua." Parmuat aliketi. "Barua yako imefika kabla yako." Akageuza karatasi ya faksi ili Makokha aione. Mwandiko wake, umefifia kidogo, lakini kila herufi inasomeka. "Una mwandiko mzuri sana. Siku hizi watu hawaandiki hivi."

Makokha alieleza yote tangu mwanzo. Hakuficha kitu, hata zile siku kumi na tatu. Alipomaliza, Parmuat alikuwa ameandika mstari mmoja.

"Mkaguzi alienda mwezi wa tano," akasema. "Ripoti inasema feni inafanya kazi."

"Waliiwasha siku hiyo. Wakafungua na milango."

"Kuna mtu mwingine aliona?"

"Chumba kina watu wanne."

"Watakuja hapa kusema?"

Makokha aliwaza nyuso zao, mmoja mmoja. "Hapana."

"Basi niletee barua ya daktari, kwamba ni hewa hiyo."

"Anasema hajaipima. Chombo cha kupima kiko kiwandani."

"Ombeni kiwanda kiwape."

Walitazamana. Parmuat ndiye aliyeondoa macho kwanza.

Makokha alifungua bahasha. Kipande kimoja kikaanguka kwenye kidau cha wino wa muhuri. "Huu ndio upimaji wangu. Kitu kimoja tu kilibadilishwa. Ukifanya wewe mwenyewe utapata hivi hivi. Hata leo."

Parmuat alikitoa kipande kwenye wino kwa ncha ya kalamu. Nusura acheke, akajizuia, na huko kujizuia ndiko kulikomuuma Makokha. "Mzee, niandike nini? Kwamba serikali imepokea rababendi?"

"Andika umeziona."

"Rababendi za siku hizi zinakatika hata kwa droo yangu."

"Hii ya nyumbani haijakatika!"

Sauti yake ilijaa chumba. Watu waliokuwa kwenye benchi nje waligeuka kutazama. Parmuat akachukua muhuri, akaugonga kwenye karatasi ya malalamiko: IMEPOKELEWA.

"Faili itaenda Nairobi. Njoo mwezi wa kumi."

"Wa kumi? Mtoto anakosa pumzi sasa. Piga simu, afisa. Waambie tu wapige muhuri kwa fomu. Neno moja kutoka kwako."

Parmuat alitazama mlango. Akapunguza sauti. "Mimi nilihamishwa hapa kutoka mahali kwa sababu ya neno moja, mzee. Nina watoto. Enda ukae na binti yako."

* * *

Karibu na barabara kuu palikuwa na kibanda cha simu ya jamii, watu watatu kwenye foleni. Makokha alingoja zamu yake, akapiga namba ya Falis aliyoiandika kiganjani.

"Baba Immaculate! Uko wapi wewe?"

"Kajiado. Anaendeleaje?"

"Wamemchukua."

"Nani?"

"Watu wa kiwanda, wawili, na gari. Saa tatu hivi. Walikuwa na karatasi ya Kiingereza. Nikawaambia ngojeni baba yake, yeye ndiye anasoma. Wakasema gari haingoji mtu."

"Immaculate hakuisoma?"

"Asome na macho gani? Macho yalikuwa yamepanda juu. Kalamu ilimshinda. Walimshika kidole, wakakipaka wino, wakakiweka." Falis alikuwa akilia, sauti ikija na kupotea. "Walah, nilifikiri ndio ile fomu. Nilifikiri umepata."

"Wamempeleka hospitali gani, Falis?"

"Nimewauliza mara tatu. Wamesema hospitali. Nilitaka kuingia, wakasema ni ndugu peke yake."

Simu ikakatika. Makokha akapiga kiwandani. Namba hiyo aliijua kwa moyo. Msichana wa mapokezi alikuwa na sauti changamfu.

"Immaculate Makokha? Ngoja, niangalie." Karatasi zikafunuliwa. "Huyo hayuko kwetu. Hapa imeandikwa aliacha kazi tarehe kumi na nane mwezi wa sita."

"Mama, gari la kiwanda limemchukua leo asubuhi. Ni baba yake anaongea. Niambie tu gari limeenda wapi."

"Gari? Gari liko hapa nje, naliona dirishani. Limerudi kitambo."

"Limerudi na nani?"

"Na dereva. Analiosha."

Alishukuru, kwa mazoea, akaweka mkono wa simu chini. Kisha akauinua tena. Upande wa kulia wa barabara, magari ya kwenda Nairobi yalipita bila kusimama.

"Mzee," mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema, "unapiga tena ama unaachia wengine?"

"Napiga."

Simu ililia masikioni mwake, mlio mmoja mrefu wa kungoja namba. Makokha alinyoosha kidole juu ya vibonyezo. Alikisogeza kwenye mbili, akakirudisha, akakisogeza kwenye sifuri, kwa kuwa hakujua aanze na hospitali ipi. Foleni ilikuwa imefika watu sita.